Kurt Cobain: Nakala 46,251 zilizogeuka milioni 30

KATIKA marobota ya mitumba yanayofunguliwa Gikomba jijini Nairobi, Owino jijini Kampala au Karume jijini Dar es Salaam, si ajabu kukuta fulana nyeusi yenye uso wa manjano unaotabasamu, macho yake yakiwa alama mbili za X na ulimi umetoka nje. Juu ya uso huo kuna neno moja: Nirvana. Vijana huinunua, na wengi wao hawajawahi kusikia hata wimbo mmoja wa bendi hiyo.

Nirvana ilikuwa bendi ya Marekani iliyokuwa na wanamuziki watatu. Kiongozi wake, Kurt Cobain, alifariki dunia Aprili 1994 akiwa na miaka 27. Albamu yake ya pili, Nevermind, ilipotoka Septemba 1991, kampuni iliyoisambaza ilipeleka madukani nakala 46,251 tu kwa soko zima la Marekani. Hadi leo inakadiriwa kuwa zimeuzwa nakala milioni 30 duniani kote.

Anayevuka mpaka na mzigo anaijua vizuri hofu ya bidhaa kukosa mnunuzi. Maisha ya Cobain yanaonyesha hatari nyingine isiyozungumzwa sana sokoni. Bidhaa yake ilipata wanunuzi wengi mno kwa muda mfupi mno, wakati yeye na wenzake wawili hawajakaa chini kukubaliana mgawo wa haki, na yeye mwenyewe hajajua kama mabega yake yataubeba mzigo huo.

Mtoto wa mji wa mbao

Kurt Donald Cobain alizaliwa Februari 20, 1967 Aberdeen, mji wa bandari ulio katika jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani. Mji huo uliishi kwa magogo: kukata miti, kupasua mbao na kupakia melini. Wakati Cobain anakua, biashara hiyo ilikuwa inadorora na ajira zilikuwa zinapungua. Baba yake alikuwa fundi magari, na mama yake aliwahi kuwa mhudumu wa mgahawa.

Wazazi wake walitalikiana alipokuwa na miaka tisa. Waliomfahamu walisema mtoto aliyekuwa mchangamfu aligeuka mkimya na mwenye hasira. Kuanzia hapo alihamahama: mara kwa baba, mara kwa mama, mara kwa ndugu na kwa wazazi wa rafiki zake.

Upande wa mama yake ulikuwa na watu wa muziki. Mwaka 1981, alipotimiza miaka 14, mjomba wake alimpa nafasi ya kuchagua zawadi kati ya baiskeli na gitaa lililokwisha kutumika. Alichagua gitaa. Alikuwa mashoto, na tangu wakati huo alipiga gitaa kwa mkono wa kushoto, jambo lililomfanya kwa miaka mingi ahangaike kutafuta vyombo vya bei nafuu vinavyomfaa.

Mwaka 1985 aliacha shule ya sekondari zikiwa zimebaki wiki chache kumaliza, baada ya kubaini kuwa alama zake zisingetosha kuhitimu. Mama yake alimtaka atafute kazi au aondoke nyumbani. Kati ya vibarua alivyopata baadaye kilikuwemo cha kufanya usafi katika shule ileile aliyoiacha.

Katika miaka hiyo alikutana na Krist Novoselic, kijana mrefu kupita kiasi, mtoto wa wahamiaji kutoka Croatia, wakati huo ikiwa sehemu ya Yugoslavia. Novoselic alikuwa amewahi kupelekwa kwa ndugu zake huko kwa muda mwaka 1980, kisha akarudi Aberdeen. Mwaka 1987 wawili hao waliunda bendi, Cobain akiimba na kupiga gitaa, Novoselic akipiga besi. Walibadilisha jina mara kadhaa kabla ya kutulia na Nirvana mwaka 1988. Wapiga dramu waliwabadilisha mara nyingi zaidi.

Muziki wao uliitwa roki mbadala. Hizo zilikuwa bendi zilizorekodi kwa kampuni ndogo, zikapiga kwenye baa na kumbi za vyuo, na kusikika zaidi katika redio za wanafunzi. Hakuna aliyezitarajia zikae kwenye rafu moja na wasanii wakubwa wa dunia.

Dola 606 na karatasi moja

Kampuni iliyowachukua iliitwa Sub Pop, ya jijini Seattle, iliyoanzishwa na Bruce Pavitt na Jonathan Poneman. Ilikuwa na jicho la kutambua vipaji lakini mfuko wake ulikuwa umetoboka. Albamu ya kwanza ya Nirvana, Bleach, ilirekodiwa Seattle chini ya fundi wa sauti Jack Endino, na ankara yake ilikuwa dola 606 na senti 17.

Bendi haikuwa na fedha hizo. Aliyelipa ni Jason Everman, mpiga gitaa aliyejiunga nao kwa muda mfupi. Jina na picha yake viliwekwa kwenye jalada ingawa hakupiga hata noti moja katika albamu hiyo. Bleach ilitoka Juni 1989 na kuuza takribani nakala 40,000 katika miaka yake miwili ya kwanza. Kwa kampuni ndogo, hayo yalikuwa mauzo ya kujivunia.

Ni katika mwaka huohuo wa 1989 ambapo bendi yenyewe ilidai mkataba wa maandishi. Sub Pop haikuwa na mazoea ya kuandikiana mikataba mirefu na wasanii. Mambo mengi yalikwenda kwa kuaminiana. Novoselic ndiye aliyekwenda kugonga mlango wa Pavitt kudai karatasi. Wamiliki wakaiandika, pande zote zikatia saini. Wakati huo ilionekana ni wasanii wanaojilinda dhidi ya kampuni. Miaka miwili baadaye karatasi hiyo iliilinda kampuni.

Aprili 1990 bendi ilikwenda Madison, jimbo la Wisconsin, kurekodi nyimbo za albamu ya pili chini ya mtayarishaji Butch Vig. Kazi haikukamilika. Sub Pop ilikuwa na madeni, na Cobain na Novoselic walianza kutafuta kampuni kubwa. Kanda za nyimbo za Madison zilipita mkono kwa mkono miongoni mwa watu wa biashara ya muziki, na kampuni kadhaa zikaanza kuwakimbilia.

Mpiga dramu wa wakati huo, Chad Channing, aliondoka. Septemba 1990 nafasi yake ilichukuliwa na Dave Grohl, kijana wa miaka 21 aliyekuwa amepoteza kazi baada ya bendi yake ya Scream kuvunjika safarini. Kwa nguvu ya dramu zake, Nirvana ikapata sauti ambayo dunia ingeifahamu.

Mwaka 1991 walisaini na DGC, tawi la kampuni ya Geffen, kwa malipo ya awali ya dola 287,000. Kwa kuwa mkataba wa Sub Pop ulikuwa bado hai, Geffen ililazimika kuununua. Sub Pop ilipewa fedha taslimu, nembo yake ikabaki kwenye albamu, na juu ya hayo ikaahidiwa asilimia ndogo ya mauzo ya kazi zitakazofuata. Kwa bendi iliyouza nakala 40,000, asilimia hiyo ilionekana ni ya kufutia machozi.

Mwezi mmoja Sound City

Mei 1991 watatu hao waliingia studio ya Sound City, Van Nuys, kando ya Los Angeles, wakiwa na Butch Vig na bajeti ya dola 65,000. Walikuwa wamefanya mazoezi kwa miezi, kwa hiyo nyimbo nyingi zilirekodiwa kwa majaribio machache.

Cobain alikuwa na kanuni aliyokiri kuijifunza kutoka bendi ya Pixies: ubeti unaimbwa kwa utulivu, kisha kiitikio kinalipuka. Chini ya kelele za magitaa aliweka melodi nyepesi zinazokaa kichwani, mfano wa zile za Beatles alizozipenda tangu utotoni. Hapo ndipo ilipo siri ya Nevermind. Mwenye kupenda kelele alipata kelele zake, na asiyezipenda alijikuta anaimba kiitikio.

Hakupenda kurudia kuimba sauti ileile mara mbili ili ziunganishwe na kunenepa. Aliona ni udanganyifu. Vig alimshawishi kwa kumkumbusha kuwa John Lennon alikuwa akifanya hivyo. Katika wimbo wa mwisho, Something in the Way, kuirekodi sauti yake kwa kawaida kulishindikana, hadi alipolala kwenye kochi la chumba cha mitambo na kuimba karibu kwa kunong'ona, vyombo vya sauti vikasogezwa hapo alipo.

Wimbo wa Polly ulichukuliwa moja kwa moja kutoka kanda za Madison. Matoazi yanayosikika humo yalipigwa na Channing, lakini jina lake halikuandikwa kwenye jalada. Aliyetoka kwenye ubia kabla ya mzigo kufika hakuonekana kwenye orodha.

Kazi ya kuchanganya sauti alipewa Andy Wallace, aliyeifanya albamu isikike safi na kubwa redioni. Mwanzoni Cobain aliridhika. Baada ya mafanikio alianza kulalamika kuwa imelainishwa mno na inafanana na muziki aliokuwa akiudharau. Alitaka watu wengi wausikilize muziki wake, na wakati huohuo aliwaonea shaka watu wengi. Mgongano huo hakuutatua hadi mwisho.

Wazo la jalada lilimjia baada ya kutazama kipindi cha televisheni kuhusu akina mama wanaojifungulia majini. Mpiga picha Kirk Weddle alimpiga picha mtoto wa miezi minne chini ya maji ya bwawa la kuogelea; wazazi wake walilipwa dola 200. Baadaye ikaongezwa noti ya dola moja kwenye ndoana, ikawa kama mtoto anaogelea kuifuata. Miaka 30 baadaye mtoto huyo, sasa mtu mzima, aliifikisha picha hiyo mahakamani.

Jina la wimbo wa kwanza, Smells Like Teen Spirit, lilitokana na maneno ambayo rafiki yake, mwanamuziki Kathleen Hanna, aliyaandika ukutani kumtania. Hanna alimaanisha marashi ya kwapani ya wasichana yaliyokuwa dukani kwa jina hilo. Cobain aliyaelewa kama maneno ya uasi wa vijana. Alikuja kugundua kuwa ni jina la bidhaa wimbo ukiwa umeshatoka. Bila kujua, alikuwa amemtangazia mtu mwingine biashara bure.

Malipo ya awali, kama wanavyojua waliowahi kuyapokea, ni fedha inayorudishwa kutoka kwenye mauzo. Baada ya kodi, mawakili, meneja na madeni, kilichobaki kwa kila mmoja kilikuwa kidogo. Cobain aliporejea mjini Olympia alikokuwa akiishi, alikuta ametolewa nyumba kwa kudaiwa kodi na vitu vyake vimewekwa nje. Kwa siku kadhaa alilala ndani ya gari lake. Ulikuwa umebaki kama mwezi mmoja na nusu albamu iingie sokoni.

Mzigo unaisha madukani

Nevermind ilitoka Septemba 24, 1991. Mbali na nakala 46,251 za Marekani, nyingine 35,000 zilipelekwa Uingereza, ambako Bleach ilikuwa imefanya vizuri. Ndani ya Geffen, matumaini makubwa yalikuwa kuuza nakala 250,000, kiwango kilichofikiwa na bendi rafiki ya Sonic Youth. Katika orodha ya Billboard ya albamu 200, iliingia ikiwa namba 144.

Kisha kituo cha televisheni cha MTV kikaanza kuirusha video ya wimbo wa kwanza. Maduka yakamaliza mzigo. Wateja walikuja na kukuta rafu tupu, na Geffen ikasimamisha utengenezaji wa albamu zake nyingine ili mitambo ishughulikie Nevermind katika maeneo yaliyoishiwa.

Wakati hayo yakitokea, wenye bidhaa walikuwa barabarani Ulaya, wakipiga katika kumbi ndogo zilizokodiwa kabla hawajajulikana. Nje ya milango walibaki watu wengi kuliko walioingia. Watatu hao walichoka na kuanza kuugua, na Desemba wakakatisha ziara.

Mwishoni mwa Novemba 1991 albamu ilikuwa imethibitishwa kufikia nakala milioni moja Marekani. Januari 11, 1992 ilishika namba moja, ikiiondoa Dangerous ya Michael Jackson, huku ikiuza karibu nakala 300,000 kwa wiki. Nakala 250,000 walizotamani kuuza katika maisha yote ya albamu sasa zilikuwa zinauzwa chini ya siku saba.

Hesabu ya watatu

Wafanyabiashara wa Kiswahili wana msemo wao wa zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nirvana walikuwa na daftari, lakini waliliandika wakati hakuna cha kugawana. Mrabaha wa utunzi, yaani malipo anayopata mtunzi kila wimbo unapouzwa au kupigwa, uligawanywa sawa kwa watatu.

Mapema mwaka 1992, fedha zilipoanza kuonekana, Cobain alidai mgawo ubadilishwe. Alitaka asilimia 100 ya haki za maneno na asilimia 75 ya haki za muziki. Hoja yake ilikuwa na uzito: nyimbo karibu zote alizitunga yeye, maneno yalikuwa yake, na macho ya dunia yalimtazama yeye.

Novoselic na Grohl hawakukataa kwamba mtunzi mkuu ni Cobain. Kilichowauma ni kwamba mgawo mpya ulitakiwa uhesabiwe kuanzia siku Nevermind ilipotoka, yaani wapunguziwe fedha ambazo tayari walizihesabu kuwa zao. Novoselic alikuwa naye tangu Aberdeen, siku za gari bovu na kumbi zenye wasikilizaji wachache.

Bendi ilikaribia kuvunjika. Mwishowe wawili hao walikubali, lakini urafiki wa watatu haukurudi ulivyokuwa. Kama hesabu hiyo ingewekwa mezani kabla ya Septemba 1991, pengine wangekubaliana kwa kikombe cha kahawa, kwa sababu kila mmoja alikuwa anagawana matumaini. Iliwekwa mezani mamilioni yalipokuwa yameshaingia, na kila asilimia ikawa na jina la mtu.

Sub Pop, kwa upande wake, ilianza kupokea asilimia yake ndogo. Kampuni iliyokuwa ukingoni mwa kufunga milango mwaka 1991 ilifufuka kwa mrabaha wa albamu ambayo haikuitengeneza. Ilichofanya ni kuandika mkataba mwaka 1989, tena kwa kulazimishwa.

Tumbo, heroini na mtoto

Februari 24, 1992 Cobain alifunga ndoa na mwanamuziki Courtney Love katika ufukwe wa Waikiki, Hawaii. Agosti 18 mwaka huo walipata binti, Frances Bean.

Nyuma ya habari za namba moja kulikuwa na mgonjwa. Kwa miaka mingi Cobain aliteswa na maumivu ya tumbo ambayo madaktari hawakuyapatia dawa ya kudumu. Alitumia heroini, na alieleza kuwa ilimtuliza maumivu hayo. Dawa hiyo ikawa ugonjwa wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza. Baada ya jarida moja kubwa kuandika kuhusu matumizi ya dawa za kulevya ya wazazi hao wakati wa ujauzito, maofisa wa ustawi wa watoto waliingilia kati, na kwa muda wanandoa hao walizuiwa kukaa peke yao na mtoto wao. Kwa mtu ambaye kidonda chake cha kwanza kilikuwa kuvunjika kwa nyumba ya wazazi, hilo lilimchoma.

Agosti 30, 1992, uvumi ukiwa umeenea kwamba ni mahututi, alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi jukwaani katika tamasha la Reading nchini Uingereza, akajifanya kuanguka, kisha akasimama na kuongoza moja ya maonyesho bora ya bendi hiyo.

Nguvu ya jina lao waliitumia pia kwa wengine. Aprili 9, 1993 walipiga kando ya San Francisco kuchangia wanawake waliobakwa katika vita vya Bosnia, tamasha lililosukumwa na Novoselic, ambaye nchi ya wazazi wake ilikuwa inasambaratika.

Albamu ya tatu, In Utero, Cobain aliitaka iwe ngumu na chafu kwa makusudi. Mrekodi wake, Steve Albini, alipokea dola 100,000 mara moja na kukataa asilimia ya mauzo, akiamini kuwa mrabaha ni wa wanamuziki. Ilitoka Septemba 1993 na kuanzia namba moja.

Hata hivyo, maduka makubwa ya Wal-Mart na Kmart yalikataa kuipanga kwa sababu ya picha ya nyuma ya jalada. Machi 1994 kampuni ilitoa jalada jipya, na jina la wimbo mmoja likabadilishwa kwa ajili ya maduka hayo. Wengi walishangaa kuwa Cobain, mpinzani wa biashara kubwa, alikubali. Sababu iliyotolewa ilikuwa nyepesi: katika miji kama Aberdeen, mtoto asiyekuwa na gari hununua muziki katika maduka hayo tu, kama alivyofanya yeye. Alimkumbuka mteja wa mwisho wa barabara.

Novemba 18, 1993 bendi ilirekodi kipindi cha MTV jijini New York kwa vyombo vilivyopunguzwa kelele, jukwaa likiwa limepambwa kwa maua meupe na mishumaa. Wengi waliodhani Nirvana ni makelele waligundua usiku huo kuwa kiongozi wake ni mwimbaji.

Onyesho lao la mwisho lilikuwa Machi 1, 1994 jijini Munich. Siku tatu baadaye, jijini Rome, Cobain alikimbizwa hospitali akiwa hana fahamu baada ya kuzidisha dawa. Mwishoni mwa Machi mke wake na marafiki walimbembeleza akubali matibabu, akaingia kituo cha waathirika wa dawa za kulevya Los Angeles. Baada ya siku mbili alitoroka na kurudi Seattle.

Aprili 5, 1994 alijiua nyumbani kwake. Mwili wake uligunduliwa siku tatu baadaye na fundi umeme aliyekwenda kufanya kazi. Binti yake alikuwa hajatimiza miaka miwili. Walioishi naye walijua anaumwa, na walijaribu. Uraibu na sonona ni magonjwa, na fedha za Nevermind hazikuwa dawa yake.

Baada ya mwenye mali

Novemba 1994 kipindi cha New York kilitolewa kama albamu na kushika namba moja. Mwaka 1997 Love, Novoselic na Grohl waliunda kampuni ya pamoja kusimamia kazi za bendi. Miaka minne baadaye walifikishana mahakamani, wimbo mmoja uliobaki ukiwa kiini cha mvutano, na wakapatana mwaka 2002. Mwaka 2006 jarida la Forbes lilimweka Cobain wa kwanza katika orodha yake ya marehemu maarufu waliongiza fedha nyingi zaidi, dola milioni 50 kwa mwaka, akimpita Elvis Presley.

Uso wa manjano wa kwenye fulana nao ulipelekwa mahakamani. Mwaka 2018 kampuni ya Nirvana ilimshtaki mbunifu wa mavazi Marc Jacobs kwa kutoa fulana yenye mchoro unaofanana nao. Kesi hiyo ilimalizika kwa makubaliano mwaka 2024, miaka 30 baada ya kifo cha Cobain. Anayechapisha nembo hiyo kwenye fulana mpya bila kibali ajue kuwa ina mwenyewe, na mwenyewe ana mawakili.

Juni 2020 gitaa alilolitumia katika kipindi cha New York liliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni sita. Mwenyewe alikuwa amelinunua kwa dola 5,000.

Grohl alianzisha bendi ya Foo Fighters na kuwa nyota kwa jina lake. Aprili 2014 Nirvana iliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki la Marekani, na Channing, aliyepiga dramu katika Bleach na matoazi ya Polly, alitajwa na Grohl na kushukuriwa mbele ya ukumbi.

Sub Pop bado ipo Seattle. Mwaka huohuo wa 2014 ilifungua duka katika uwanja wa ndege wa Seattle-Tacoma, ambako abiria wanaosubiri ndege hununua santuri na fulana. Kutoka siku Nevermind ilipoingia sokoni hadi siku Kurt Cobain alipofariki ilipita miaka miwili na miezi sita tu.